Trekta dogo la kukata majani la shule: tulifufue au tulivunje kwa spea?

Mwl_Viwanja (Njombe)

Wakuu, habari za majukumu. Shule yetu ina trekta dogo la kukata majani, lile la kukalia. Ni Craftsman LT1000, deki (lile bati la chini lenye visu) ya inchi 42, injini ya Briggs & Stratton Intek ya nguvu farasi 17.5 ya silinda moja, gia sita za mkono. Lilikuja kama msaada na limesimama bandani muda mrefu. Ijumaa kamati ya shule inakaa kuamua: litengenezwe, livunjwe liuzwe kipande kipande, au lipimwe kilo kama chuma chakavu.

Hali yake ni hii. Ukiunga betri ya gari, injini inazunguka nusu, inagonga "ka!" na kusimama palepale. Kabla ya kuegeshwa lilikuwa linatoa moshi wa bluu na kula oili. Ukitia gia lilikuwa linakwenda kwa kusuasua, mwishowe likagoma kabisa kwenda ingawa injini inanguruma. Deki ina matundu mawili ya kutu upande wa kushoto. Usukani unacheza, unazungusha robo nzima ndipo magurudumu yanaitika.

Mambo mawili yanagawa kamati. Mjumbe mmoja anataka injini itolewe ifungwe kwenye mashine ya kusaga au pampu ya bustani, mengine yauzwe. Na misheni ya jirani wana mwili wa trekta la jamii hiyo hiyo, namba yake inaanza na 917 kama ya letu, halina injini, na wako tayari kutuachia kwa bei ya chuma chakavu. Uwanja ni wa mpira wa kawaida, nyasi za kikuyu, na zimeshonana kweli. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi mashine.

Fundi_Tapeti

Mwalimu, karibu. Kwanza kabisa, injini isiwe ndiyo inayoamua. Karibu kila kinachokufa kwenye injini ya aina hiyo kinarudi kwa spea ndogo. Vinavyoamua ni giaboksi, deki na fremu, kwa sababu hivyo ni vizito, havipatikani dukani kwetu, na kuviagiza kwa ndege ni hasara tupu. Kikao kisikae kabla hujavipima hivyo vitatu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Hiyo "ka!" ndiyo dalili maarufu kuliko zote kwenye injini hizi, na mara nyingi si ugonjwa mkubwa. Ndani ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) kuna kijichuma chenye springi kinachonyanyua valvu moja kidogo sana wakati stata inazungusha, ili kompresheni ipungue na stata iweze kuvuka. Tapeti (nafasi kati ya valvu na roka, ule mkono unaoisukuma) zikilegea, kule kunyanyua kidogo kunapotelea kwenye nafasi iliyozidi, valvu haifunguki, stata inakutana na kompresheni yote na kugonga ukuta. Watu wananunua stata mpya na betri mpya, ugonjwa unabaki palepale.

Fanya hivi. Toa plagi. Fungua kava la valvu lililo mbele ya silinda hedi. Toa na kava la feni juu ya injini, maana utazungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini) kwa mkono na utataka kuona mapezi ya silinda, yale ya kuipoza kwa hewa. Injini iliyolala bandani karibu lazima panya wamejenga kiota pale, na injini inayopozwa kwa hewa ikiwashwa na kiota inachemka na kuua gasketi. Angalia pia nyaya, panya wanapenda kuzitafuna chini ya hapo.

Kabla ya kuzungusha chochote mimina oili vijiko viwili ndani ya tundu la plagi. Zungusha taratibu, mwelekeo wa saa ukitazama kutoka juu. Ikizunguka laini, shukuru. Ikigoma, changanya oili ya giaboksi otomatiki na mafuta ya taa, mimina, iache ilale siku mbili, kisha jaribu kwa spana ndefu kwenye nati ya flaiwili. Usiilazimishe kwa stata.

Ikizunguka, ingiza mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi uone pistoni inavyopanda. Tafuta kilele cha mzunguko wa kompresheni, ambapo valvu zote mbili zimefungwa, kisha izungushe ishuke milimita 6 kupita kilele. Hizo milimita 6 zina sababu yake: ukipimia kileleni, kile kijichuma cha kamshafti kinaweza kuwa kimenyanyua valvu na kipimo kitakudanganya. Sasa pima kwa fila geji (vijibati vya kupimia nafasi nyembamba). Ya kuingiza hewa iwe 0.08 hadi 0.13 mm, ya eksozi 0.13 hadi 0.18 mm. Nati ya roka ina skrubu ndogo katikati ya kuifungia. Legeza hiyo kwanza, rekebisha nati, kaza skrubu, pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunavuta kipimo.

Toa zile fimbo za kusukuma roka na uzibingirishe juu ya kioo. Iliyopinda inajionyesha yenyewe. Zitie alama kabla ya kuzitoa, ya kuingiza na ya eksozi, zisibadilishane nafasi.

Ukimaliza tapeti na bado inagonga, ndipo umshuku kijichuma cha kamshafti. Zungusha kwa mkono polepole wakati pistoni inapanda kwenye kompresheni uziangalie roka: moja inatakiwa icheze kidogo, kama inapumua. Isipocheza kabisa na tapeti ni sahihi, kamshafti inahitaji kutolewa, na hapo injini lazima ifunguliwe chini. Hilo ni gharama, lakini bado ni spea moja.

Moshi wa bluu tuuzungumze ukileta majibu ya tapeti.

Shamba_Kwanza

Mimi ningeuza kilo. Chuma karibu kilo 200, unapata hela leo. Hizi mashine za kukatia bustani za nyumbani hazikuundwa kwa uwanja wa mpira. Tafuteni mwenye Massey Ferguson na slasha (mashine ya kufyeka inayovutwa na trekta), anakata kwa saa moja, mnamlipa kwa zamu.

Bustani_Arusha

@Shamba_Kwanza slasha ya trekta kubwa inafaa kufyeka pori, uwanja wa kuchezea ni jambo jingine. Msimu wa mvua trekta la tani mbili linaacha mifereji ya matairi uwanjani, na mtoto akiikanyaga anateguka kifundo. Slasha pia inararua jani badala ya kulikata, ncha zinakauka na uwanja unakuwa wa kahawia. Kwa kufyeka mara ya kwanza baada ya nyasi kuzidi, hapo nakubaliana nawe kabisa, ilimradi ardhi ni kavu.

Mwalimu, hesabu ya kazi yenyewe. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Deki ya inchi 42 ni sentimita 107, ukiacha mpishano kidogo unakata mita moja kila njia. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza, ni kama saa moja na dakika 45. Kazi hiyo inaiweza mara moja kwa wiki. Tatizo lenu ni urefu wa mahali. Njombe mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hii inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300. Hiyo 17.5 huko kwenu inabaki karibu 13.7. Kikuyu ni nyasi nzito, inatambaa na kujenga godoro, na deki ikishiba injini inazimika. Kwa hiyo panga gia ya pili, si ya nne, na visu vikali muda wote.

Fundi_Tapeti

Naongeza kwa huyo mjumbe wa mashine ya kusaga, maana hili linaua injini nyingi nzima. Shafti ya injini hii inatoka chini, imesimama wima. Kinu na pampu za kawaida zinataka shafti ya kulala. Hauwezi kuilaza injini ubavu: oili inahamia kwenye silinda, ulainishaji uliopangwa kwa injini iliyosimama haufiki kwenye beringi, na kabureta inamwaga petroli. Wapo wanaosokota mkanda robo ili kugeuza mwelekeo, mkanda unaruka na kuliwa upesi. Kama shule inataka injini ya pampu, inunue ya shafti ya kulala. Injini hii ina thamani ikiwa juu ya trekta hili au lingine kama hili, basi.

Mtoto_wa_Tanga (Ohio, Marekani)

Wakuu, huku kuvunja matrekta haya ni biashara kamili, kwa hiyo niseme upande huo. Kuvunja kunalipa palipo na mashine nyingi za aina moja na wenye nazo wanatafuta spea. Chesisi za Craftsman zenye namba ya kuanzia 917 ziko nyingi huku, na zipo za Husqvarna na Poulan Pro zinazoshirikiana nazo spea nyingi. Mtu anaweka tangazo la deki, kesho imeondoka. Kinachouzika ni deki iliyokamilika na spindo zake (shafti zinazobeba visu), giaboksi, injini inayowaka, boneti isiyopasuka, kiti, na matairi yenye rimu. Baada ya hapo inabaki fremu, inakwenda kwenye mizani.

Kwenu soko hilo halipo. Mtaalika wanunuzi wangapi wa deki ya inchi 42 Njombe nzima? Mtatoa spea, zitakaa stoo, mwisho zitauzwa kilo kama lingeuzwa zima. Kwa hiyo katika yale mambo matatu ya kamati, kuvunja kwa kuuza kunajifuta lenyewe. Linalobaki ni kutengeneza au kuuza chuma. Na ule mwili wa misheni unabadilisha hesabu kwa upande wa kutengeneza: lile ndilo la kuvunja, lakini kwa matumizi yenu wenyewe.

Nyanyua kiti, kuna kibandiko chenye namba kamili inayoanza 917. Ipige picha kwa matrekta yote mawili. Spea inatafutwa kwa namba hiyo, jina la boneti halitoshi. Kwa injini tafuta namba tatu zilizogongwa kwenye chuma cha kava la feni au la valvu: modeli, aina, na tarehe. Modeli ikianza na 31 ni inchi za ujazo 31, karibu cc 500. Tarehe inasomeka mwaka, mwezi, siku. Ikianza 040315 injini ilitengenezwa tarehe 15 Machi 2004. Mtu akikuagizia gasketi bila namba hizo anabahatisha. Ukiona namba ya spea ya zamani kama 130794, ambayo ni spindo ya deki, ujue siku hizi inaandikwa 532130794. Ni kitu kilekile.

Na spea za Marekani zinazoingia kwenye begi la msafiri ni gasketi, kabureta mpya, mikanda, visu, spindo, plagi. Kabureta iliyotumika usimbebeshe mtu: inanuka petroli na uwanja wa ndege wataizuia.

Mwl_Viwanja

Ahsanteni sana. Kamati imekubali kusogeza uamuzi wiki moja ili tupime. Majibu haya hapa.

Kiota cha panya kilikuwepo, kimejaa mapezi yote upande wa eksozi. Injini inazunguka kwa mkono. Tapeti ya kuingiza ilikuwa 0.30, ya eksozi 0.25. Tumerekebisha, fimbo ziko wima. Sasa stata inazungusha vizuri na injini iliwaka kwa petroli ya kumimina kwenye kabureta, ikazima. Moshi wa bluu upo, na mrija wa kupumulia injini unapuliza hewa kwa nguvu, unarusha matone ya oili. Kwa petroli ya tangi haiwaki kabisa.

Deki: matundu mawili, kubwa linaingia vidole vitatu, liko kama sentimita 4 kutoka kitako cha spindo ya kushoto. Deki ya misheni haina tundu lakini spindo zake zimekwama. Giaboksi bado hatujaigusa, hatujui namna ya kuipima.

Fundi_Tapeti

Safi sana, hapo stata na betri mpya mmeziokoa. Tapeti za 0.30 na 0.25 zinaeleza kila kitu kuhusu ile "ka!".

Kutowaka kwa petroli ya tangi: chini ya bakuli la kabureta kuna soleneidi yenye waya. Funguo ukiwashwa inatakiwa ilie "tik" na kuvuta ncha yake ndani. Isipolia, ipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, nje ya injini na mbali na petroli. Ikilia hapo, tatizo ni waya, na panya ndiye wa kwanza kushukiwa. Isipolia imekufa. Ikiwa nzima, basi kabureta imeziba kwa petroli iliyokauka. Safisha jeti kwa dawa ya kabureta na hewa, usichokonoe kwa waya wa chuma kwa sababu utaipanua tundu. Mwaga petroli yote ya zamani tangini, badilisha mpira wa petroli na chujio lake.

Sasa moshi. Hewa kupuliza kwenye mrija wa kupumulia ina sababu mbili kubwa: ringi, au gasketi ya silinda hedi. Kwenye injini hii anza na gasketi. Kati ya silinda na ule mfereji wa fimbo za roka kuna ukuta mwembamba wa gasketi, na hapo ndipo inapoungua, hasa injini ikichemka kwa sababu ya mapezi kuziba kama yenu. Ikitoboka hapo, kompresheni inaingia kwenye kreki kesi (chumba cha chini cha injini chenye oili), inasukuma oili nje kupitia mrija wa kupumulia, oili inavutwa na kabureta, moshi wa bluu. Fundi asiyejua anakutangazia oveholi ya ringi.

Usipime kwa geji ya kompresheni ya kawaida, kile kijichuma cha kamshafti kinashusha kipimo na utaona namba ndogo hata injini ikiwa nzima. Pima kwa hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa kwenye kilele cha kompresheni na mtu ameishika flaiwili kwa spana ndefu, mkono mbali na mahali spana itakapozungukia ikiponyoka. Sikiliza. Hewa ikitoka eksozi, valvu ya eksozi haikai. Ikitoka kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikitoka kwenye tundu la kijiti cha oili ni ringi au gasketi, na ya kuwatenganisha hao wawili ni kufungua hedi.

Kufungua hedi: toa eksozi, kabureta na mfereji wake, roka, fimbo, halafu bolti za hedi kidogo kidogo kwa kupishana. Igeuze gasketi uitazame kwenye ule ukuta mwembamba. Mstari mweusi uliochomeka kutoka silinda kwenda mfereji wa fimbo ndio ugonjwa wenyewe. Pitisha ukucha ndani ya silinda: mikwaruzo isiyokwamisha ukucha si neno. Safisha nyuso mbili kwa mbao au plastiki, alumini inakwaruzika. Weka rula ya chuma juu ya hedi. Ukiweza kupitisha fila geji ya 0.1 mm chini yake, hedi imepinda. Iliyopinda kidogo inasawazishwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, kwa mwendo wa namba nane, mpaka rangi iwe moja kila mahali.

Gasketi mpya inakaa kavu. Kaza bolti kwa kupishana, kwa hatua tatu, mpaka Nm 25 kwenye spana ya kupimia ukazaji. Usikaze kwa kukisia. Bolti ya chuma ndani ya alumini ikikazwa kupita kiasi inang'oa nyuzi, na hapo mmetengeneza tatizo jipya. Halafu pima tapeti upya, zile za kwanza hazina maana tena. Plagi nafasi 0.76 mm. Oili lita 1.4, kwa baridi ya asubuhi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba wekeni 10W-30.

Bustani_Arusha

Giaboksi, Mwalimu. Weka jeki nyuma, magurudumu yote mawili hewani, ya mbele yamezuiwa kwa mawe, gia iwe huru. Zungusha gurudumu moja mbele. Jingine linatakiwa lizunguke nyuma, kwa sababu ya difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili). Kisha angalia kwa makini katikati ya kila gurudumu: shafti inazunguka pamoja na rimu? Rimu ikizunguka na shafti imesimama, kii imekatika. Hiyo ni kipande kidogo cha chuma cha mraba kinachounganisha shafti na rimu. Ikikatika upande mmoja, difu inapeleka nguvu yote upande huo huo usio na mzigo, na trekta haliendi kabisa. Giaboksi ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kii! Toa kifuniko cha katikati, toa klipu, vuta gurudumu. Pima upana wa mfereji, nunua chuma cha kii cha kipimo hicho, kata kwa msumeno, paka grisi shafti ili siku nyingine rimu isikwame kwa kutu.

Kii zikiwa nzima, tia gia moja moja na kuzungusha puli ya juu ya giaboksi kwa mkono. Kila gia izungushe magurudumu bila kuruka wala kukwaruza. Ikiwa sawa, basi aliyekuwa anateleza ni mkanda wa mwendo. Mkanda uliong'aa ubavuni kama kioo hauna kazi tena, hata kama haujapasuka.

Kuhusu deki, sentimita 4 kutoka kwenye kitako cha spindo ni karibu mno kwa kuchomelea. Joto la welda linapindisha bati, kitako kinainama kidogo, na visu havikati tena kwenye usawa mmoja. Tundu lingekuwa pembeni au kwenye mdomo wa kutolea majani ningesema bandika bati la milimita 3 kwa vidonda vifupi vifupi. Hapo chukueni deki ya misheni bila kusita. Spindo zilizokwama hazitishi: spindo inatoka kwa bolti nne, na kama nyumba zake ni nzima beringi zinabadilishwa. Soma namba iliyoandikwa kwenye sili ya beringi, duka la beringi mjini watakupa. Angalieni nyuzi za hizo bolti nne kwenye deki, zimezoea kung'oka.

Visu. Katikati vina tundu la nyota, kwa hiyo kisu cha tundu la mviringo hakikai. Naomba sana, na kwa shule naomba zaidi: msichonge visu kwa springi za gari. Kiwango cha usalama cha Marekani kinaweka kikomo cha mwendo wa ncha ya kisu kuwa mita 96.5 kwa sekunde, hiyo ni karibu kilomita 350 kwa saa. Chuma cha springi ni kigumu na kinavunjika ghafla kikigonga jiwe. Kipande kikitoka chini ya deki kwa mwendo huo hakuna mtoto anayekikwepa. Nunueni vya kiwandani, jozi mbili. Bolti ya kisu inakazwa Nm 61 hadi 75.

Ukifunga deki, weka trekta kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yawe na upepo sawa, kisha pima kutoka ncha ya kisu hadi sakafu. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya milimita 3. Mbele iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 12. Na swichi ya chini ya kiti, ile inayozima injini dereva akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, isiungwe moja kwa moja. Mafundi wengi wanaiunga ili "isisumbue".

Mtoto_wa_Tanga (Ohio, Marekani)

Usukani wa robo nzima kwenye chesisi hizi ni meno ya ile sahani ya usukani chini ya fremu, yameliwa katikati. Angalieni ya misheni. Yakiwa mazima hamisheni sahani pamoja na gia yake ndogo, vimezoeana. Bushi za magurudumu ya mbele pia.

Jambo la kuepuka: siku misheni wakipata injini yao ya zamani, hasa kama ni ya silinda mbili, msijaribu kuihamishia kwenye lenu. Matundu ya bolti yanaweza kulingana, lakini eksozi, plagi ya nyaya na urefu wa shafti havifanani kila mara. Injini yenu inafufuka.

Betri ya huku inaitwa U1 na kwenu ni ngumu kuipata. Betri ndogo ya gari ya NS40 ina kitako karibu kilekile, kama sentimita 20 kwa 13, ila ni ndefu zaidi kwenda juu. Pimeni kiti kikishuka kisiguse nguzo chanya, na muivalishe kofia ya mpira.

Mwl_Viwanja

Kii ya kulia imekatika vipande vitatu! Giaboksi inapokea gia zote. Gasketi ina mstari mweusi palepale uliposema Fundi. Kamati imepitisha: tunanunua mwili wa misheni na kutengeneza. Mnanishauri nini kuhusu mabaki, na uwanja tuuanzeje?

Fundi_Tapeti

Kwenye mabaki okoeni giaboksi ya misheni kwanza kabisa, na ihifadhiwe ikiwa wima, siyo ubavuni. Kisha matairi yenye rimu, puli zote, springi, kebo ya visu, pedali ya breki na klachi. Deki yenu ya zamani itoeni spindo na puli, bati lenyewe pelekeni kwenye chuma chakavu. Fremu ya misheni pia iende. Msibaki na mifupa miwili bandani.

Ukiwasha mara ya kwanza, iache iungurume dakika kumi bila visu, pima betri: ikiwa chini ya volti 13.5 injini ikikimbia kasi, chaji ya chini ya flaiwili haifanyi kazi au waya wake umetafunwa. Badilisha oili baada ya saa tano za kazi ili uchafu wa kufungua hedi utoke. Kila baada ya kukata, puliza mapezi.

Bustani_Arusha

Uwanja wenyewe, nyasi zikiwa zimepita goti, leteni yule mwenye slasha mara moja tu, ardhi ikiwa kavu, akate juu. Wanafunzi waokote mawe, waya na chupa, mstari kwa mstari. Rundo la majani litolewe, lisiozee hapo. Baada ya wiki ingizeni trekta dogo, deki ikiwa juu kabisa, gia ya kwanza, mkikata nusu ya upana wa deki kila njia. Kila wiki shusheni kidogo, msiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Kikuyu ukiikata hadi kwenye shina inabaki manjano na magugu yanaingia. Mkimaliza, inueni deki mkwangue majani yaliyoganda chini yake kabla hayajakauka. Kutu ya deki ya kwanza ilianzia hapo.